Dawa ya zamani, kazi mpya: Hataza ikiisha, nani analipia utafiti?

Chukulia mama amejifungua usiku kwenye kituo cha afya wilayani Mkalama, mkoani Singida. Mtoto yuko salama, ila damu ya mama haikati. Mpaka gari la wagonjwa lipatikane na kufika hospitali ya rufaa mjini Singida, saa zinakwenda.

Ipo dawa inayosaidia hapo: asidi ya traneksamiki. Kazi yake ni kuzuia damu iliyoganda isiyeyuke upesi. Si dawa mpya. Iligunduliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke, na ikatangazwa mwaka 1962. Ushahidi mkubwa kwamba inaokoa maisha ya mama aliyejifungua ulitoka 2017, yaani miaka 55 baadaye.

Kwa nini ilichukua muda wote huo?

Hataza ni nini?

Ni haki ya kisheria inayompa mgunduzi nafasi ya kuuza bidhaa yake bila mshindani, kwa kawaida miaka 20 tangu aombe. Kwa kampuni ya dawa, huo ndio muda wa kurudisha gharama za utafiti na kupata faida.

Muda ukiisha, kiwanda chochote kinaweza kuitengeneza. Bei inashuka, na hiyo ni nafuu kwa mgonjwa.

Shida inaanzia wapi?

Ili dawa ya zamani ipewe kazi mpya, lazima ijaribiwe upya kwa maelfu ya watu. Hiyo ni hela nyingi. Kampuni ikigharamia, viwanda vingine navyo vitauza dawa ileile kwa bei ya chini bila kuchangia hata senti.

Kampuni inaweza kuomba hataza ya matumizi mapya tu. Lakini kuilinda ni kazi: dawa ni ileile, na daktari anaweza kuandika ya bei nafuu.

Nani alilipa basi?

Okamoto alitaka dawa yake ijaribiwe kwa wanaojifungua tangu zamani, ila hakufanikiwa kuwashawishi madaktari wa uzazi wa kwao.

Utafiti mkubwa ulikuja kufanywa na chuo cha LSHTM cha London, kwa fedha zilizotoka hasa serikali ya Uingereza na taasisi za hisani za Wellcome na Gates. Ulihusisha wanawake 20,060 katika nchi 21, Tanzania ikiwemo. Waliopewa dawa ndani ya saa 3 baada ya kujifungua, vifo vya kuvuja damu vilipungua kwa asilimia 31. Mwaka huohuo, Shirika la Afya Duniani (WHO) likaelekeza itumike mapema, ndani ya saa hizo 3.

Okamoto hakuyaona matokeo. Alifariki 2016.

Je, majaribio hufanikiwa kila mara?

Hapana. Utafiti uliofuata ulifanyika Tanzania, Zambia, Nigeria na Pakistan, kwa wanawake zaidi ya 15,000 wenye upungufu wa damu. Walipewa dawa mara tu baada ya kujifungua, kabla tatizo halijatokea. Matokeo ya 2023: haikuzuia kuvuja damu kwingi. Jibu hilo nalo lina thamani, maana linaonyesha dawa isitumike wapi. Ila halimpi mfanyabiashara faida yoyote.

Tanzania iko wapi?

Ikiwa miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni, Tanzania hailazimiki chini ya kanuni za Shirika la Biashara Duniani (WTO) kulinda hataza za dawa hadi Januari 1, 2033.

Nafuu hiyo inasaidia kwenye bei. Haimlipi mtu afanye utafiti. Kwa hiyo swali la dawa gani ya zamani ijaribiwe kwa tatizo gani linabaki mikononi mwa anayetoa fedha, awe serikali au mfadhili. Mama wa Mkalama anasubiri uamuzi huo bila kujua.