Kivu Ndani ya "Indépendance Cha Cha"

Mwanzoni mwa mwaka 1960, wakati wa Mkutano wa Meza ya Duara mjini Brussels, Joseph Kabasele na bendi yake ya African Jazz walitoa wimbo "Indépendance Cha Cha". Redio ikausambaza, ukawa sauti ya uhuru wa nchi nzima hata kabla ya tarehe 30 Juni. Swali ni hili: nchi nzima ipi?

Lugha yake kuu ni Kilingala, kikichanganywa na Kikongo, Chiluba na Kifaransa. Kiswahili hakimo. Msikilizaji wa Butembo au Beni, asemaye Kinande nyumbani na Kiswahili sokoni, aliimbiwa uhuru wake kwa lugha iliyokuwa ya askari wa Force Publique. Hata orodha ya viongozi na vyama, ambayo ndiyo kiini cha wimbo, ina pengo. Katanga imo, kwa Tshombe na CONAKAT. Lakini CEREA, chama kilichoongoza Kivu katika uchaguzi wa Mei 1960, hakitajwi, ingawa kilikuwa na wajumbe mkutanoni. Wala hatajwi kiongozi wake, Anicet Kashamura. Ajabu ni kwamba miezi michache baadaye ndiye aliyekuwa Waziri wa Habari katika serikali ya Lumumba.

Si haki kumlaumu Kabasele kupita kiasi. Wimbo wa dansi hauenei kila mtu, nao ulitungwa kwa haraka, kwa majina yaliyovuma siku zile. Kutaja wachache hakukuuzuia kuvuka mipaka: ulichezwa hata katika nchi za Afrika zilizokuwa bado zikingoja uhuru wao.