Kichwa Chekundu, Kinawasha: Nilivyoitafuta Sababu Mpaka Nikaikuta Dukani Kwangu



Shaaban ya mwaka juzi kulikuwa na harusi ya binti wa mama yangu mdogo. Mnajua Shaaban ilivyo kwetu Unguja, harusi juu ya harusi kabla ya kuingia mfungo, na sisi mafundi cherehani hatulali. Ijumaa usiku nilimaliza nguo ya mwisho, nikajipaka piko kichwani kuficha mvi mbili tatu za mbele, nikaosha, nikalala. Jumamosi nilishinda salama. Jumapili, siku ya harusi yenyewe, nikaoga kwa shampuu mpya, nikavaa mtandio wangu, na ilipofika alasiri kichwa kikaanza kuwasha. Jumatatu asubuhi niliamka masikio yamevimba, kope zimefura, paji la uso jekundu, na nyuma ya kisogo panatoa majimaji.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Shangazi akasema ni kijicho, kwa sababu nilipendeza harusini. Jirani akasema ni mba, nipake ndimu. Nilipaka, na siwatakii moto ule hata wabaya wangu. Wifi yangu akasema ni joto la mtandio wa nailoni. Mimi mwenyewe niliilaumu shampuu, kwa kuwa ndiyo kitu cha mwisho kilichogusa kichwa changu. Piko hakuitaja mtu. Nilikuwa nimeitumia miaka na miaka, na ilikuwa imeshapita siku mbili tangu nijipake. Na tuseme ukweli, nilikuwa naiuza dukani kwangu.

Daktari wa ngozi aliponiambia, sikumuamini. Nikaanza kusoma. Nilichokikuta ni historia ndefu ya watu waliopotea njia ile ile niliyopotea mimi, nami naona ni vizuri tuijue.

Kwanza ulijulikana ukungu

Zamani upele wa kichwa ulikuwa na majina mengi na sababu nyingi za kubuni: damu chafu, hewa mbaya, laana. Katika miaka ya 1840 daktari mmoja mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa akifanya kazi Paris, David Gruby, alichukua magamba na nywele zilizokatika kutoka kwenye vichwa vya watoto wenye mashilingi, akaziweka chini ya hadubini. Akaona ukungu. Hapo ikajulikana kwamba mashilingi ni kitu kinachoambukiza, kinachotoka kichwa hadi kichwa kwa kitana, kofia na mto.

Mwaka 1874 Mfaransa mmoja, Louis-Charles Malassez, akaeleza vijidudu vidogo alivyoviona kwenye magamba ya mba. Leo vinaitwa kwa jina lake, Malassezia. Hivi karibu kila mtu anaishi navyo kichwani, vinakula mafuta ya ngozi, na kwa baadhi yetu vinaleta mba, wekundu na muwasho. Kwa hiyo jirani yangu hakuwa mjinga. Mba ni sababu ya kweli ya kichwa kuwasha. Tatizo ni kwamba haikuwa sababu ya kichwa changu.

Ukungu unaonekana kwa hadubini. Lakini kuna sababu nyengine ambayo hata ukiangalia kwa hadubini gani hutaikuta, na hiyo iliwachukua watu muda mrefu zaidi.

Rangi iliyotoka kwenye lami ya makaa

Katikati ya karne ya 19 wataalamu wa kemia wa Ulaya walikuwa wanashughulika na lami inayobaki makaa ya mawe yanapochomwa kutoa gesi. Kutoka kwenye uchafu ule mweusi walipata rangi za kila namna za kutia vitambaa. Sisi mafundi tunakula kwa jasho lao mpaka leo, maana rangi nyingi za vitambaa vya dukani asili yake ni huko.

Mwaka 1863 Mjerumani August Wilhelm von Hofmann, aliyekuwa akifundisha London, alieleza kitu kinachoitwa parafenilinidiamini. Jina ni refu, kwa hivyo hufupishwa PPD. Chenyewe hakina weusi wowote wa maana. Lakini kikikutana na hewa, au na dawa ya kukikoleza, kinabadilika kuwa cheusi tititi na kinashika kwenye unywele wala hakitoki. Kufikia miaka ya 1880 kilikuwa kimeshaanza kutumika Ulaya kutia rangi manyoya ya wanyama na nywele za watu.

Malalamiko hayakuchelewa. Wafanyakazi wa viwanda vya manyoya walipata ukurutu wa mikono na kubanwa pumzi. Wanawake waliotia rangi nywele walivimba nyuso. Mwanzoni mwa karne ya 20 Ujerumani ikapiga marufuku PPD kwenye rangi za nywele. Lakini nchi nyengine ziliendelea, kwa sababu hakukuwa na rangi nyengine inayoshika vizuri na kudumu kama hiyo.

Kiraka kidogo mgongoni

Kwa nini ilikuwa vigumu kumkamata mkosaji? Kwa sababu ana tabia mbili za kujificha.

Ya kwanza, siku unayokutana naye hakufanyi kitu. Mwili unamwona tu na kumtia alama. Unaweza kumtumia mara moja au miaka kumi bila tatizo, halafu siku moja mwili unasema basi. Ya pili, hata mwili ukishamkataa, haulipuki papo hapo. Mara nyingi huchukua siku moja hadi tatu. Kufikia hapo umeshaoga, umeshabadilisha mafuta, umeshavaa mtandio mwengine, na lawama inamwangukia asiyehusika.

Aliyetufungulia mlango ni daktari Josef Jadassohn. Alikuwa na wagonjwa walioharibika ngozi baada ya kupewa dawa yenye zebaki. Akachukua zebaki kidogo, akaibandika kwenye sehemu ndogo ya ngozi nzima, akafunika, akasubiri. Pale palipobandikwa pakawa pekundu. Mwaka 1895 aliwaeleza madaktari wenzake jambo hilo katika mkutano huko Graz, Austria. Mpaka leo madaktari wa ngozi hufanya vivyo hivyo: hubandika mgongoni viraka vidogo vya vitu mbalimbali, huviondoa baada ya siku mbili, na husoma majibu siku hiyo na siku zinazofuata.

Nilipoisoma habari hii nilicheka peke yangu, maana ni kazi ya fundi. Gauni likivuta upande, hulifumui lote. Unafungua mshono mmoja, unajaribu, halafu unafungua wa pili, mpaka uupate ule uliokosea.

Wanawake waliopoteza macho

Sehemu hii ilinitoa machozi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 huko Marekani kulikuwa na rangi ya kukoleza kope na nyusi iliyoitwa Lash Lure. Ndani yake mlikuwa na rangi ya jamii hiyo hiyo ya PPD. Wanawake walikwenda saluni kujipamba, wakatoka na macho yenye vidonda. Mmoja alipofuka kabisa, na mwengine alifariki.

Serikali haikuwa na uwezo wa kuiondoa sokoni, kwa kuwa sheria yao ya mwaka 1906 ilihusu vyakula na dawa tu, vipodozi havikuwemo. Picha za mwanamke mmoja, kabla na baada ya kuitumia, zilioneshwa hadharani mpaka watu wakashtuka. Mwaka 1938 sheria mpya ikapita, na Lash Lure ikawa bidhaa ya kwanza kukamatwa kwa sheria hiyo. Rangi za nywele zilizotokana na lami ziliruhusiwa kuendelea, kwa sharti la kuandikwa onyo na kumtaka mtumiaji ajaribu kwanza kwenye ngozi. Kuzipaka kwenye kope na nyusi hakukuruhusiwa.

Ile karatasi ndogo iliyomo ndani ya boksi, ile tunayoitupa, iliandikwa kwa gharama ya macho ya watu.

Hina na piko si ndugu

Turudi kwetu. Hina ni jani. Ukilisaga na kulipaka, linatoa rangi ya machungwa inayoiva kuwa nyekundu ya kahawia. Hina haina weusi tititi. Katika dini yetu tunajua jinsi mzee Abu Quhafa, baba yake Sayyidna Abubakar, alivyoletwa kwa Mtume (SAW) siku ya ufunguzi wa Makka, nywele na ndevu zake nyeupe pe. Mtume akaagiza zibadilishwe rangi, na weusi uepukwe. Imepokewa pia kwamba kizuri cha kubadilishia mvi ni hina na katam, nayo katam ni mmea vilevile. Masheikh wana maelezo yao juu ya hukumu ya weusi na mimi si wa kuyaingilia. Ninachosema ni kwamba majani hayo yanajulikana kwa karne nyingi.

Piko tunayoichorea maua maharusi leo, mara nyingi ni rangi ya nywele iliyokorogwa, na ndani yake mna PPD. Wageni huiita hina nyeusi, nasi tumelikubali jina hilo kwa sababu linauza. Hapo ndipo mkosaji alipojificha mara ya tatu, nyuma ya jina la jani lililobarikiwa. Marekani hairuhusu PPD kupakwa moja kwa moja kwenye ngozi. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 2 kwenye rangi ya nywele inapopakwa, na maboksi yao yanaonya kwamba aliyewahi kudhurika na michoro ya hina nyeusi asiitumie, na kwamba rangi hiyo si ya walio chini ya miaka 16. Sisi tunawachora mpaka watoto wa chuoni siku ya Idi.

Hapo nikakumbuka. Siku ya harusi yangu mwenyewe, miaka mingi nyuma, maua ya piko mkononi yaliwasha na kuacha alama zilizoinuka. Bibi akasema ni damu ya ubibi harusi. Kumbe ndiyo siku mwili uliponitilia alama.

Utafute mshono wako

Kichwa chako kikiwa chekundu na kinawasha, usikimbilie kupaka. Jiulize kwanza.

Kuna magamba yenye mafuta, yanakuja na kuondoka, pamoja na kando ya pua na kwenye nyusi? Huenda ni mba. Kuna duara ambalo nywele zinakatika, hasa kwa mtoto, na wenzake nao wanalo? Huenda ni mashilingi, na hayo yanataka dawa ya kumeza kutoka kwa daktari, kupaka peke yake hakutoshi. Kuna magamba mazito meupe, na mengine kwenye viwiko na magoti? Huenda ni soriasisi.

Lakini ikiwa masikio, kope, shingo na paji la uso vimeumia kuliko utosi wenyewe, rudi nyuma siku tatu na uandike kila kitu kilichogusa kichwa: rangi, dawa ya kulainisha nywele, gundi ya nywele za bandia, mafuta, shampuu. Tazama boksi kama lina herufi PPD au neno refu linaloishia na diamine. Na kwa aliyekwisha kukataliwa na PPD, hata baadhi ya rangi za vitambaa vya poliesta vyeusi na vya buluu iliyokoza zinaweza kumsumbua, kwa kuwa ni za ukoo mmoja. Kwa hiyo hata wifi yangu hakuwa mbali. Siku hizi mitandio yangu ni ya pamba.

Ukivimba uso, ukibanwa pumzi, ukipata homa au usaha, usingoje hesabu hizi. Nenda hospitali.

Shangazi naye simkatalii kwamba kijicho kipo. Nilijisomea na kisomo. Lakini Mtume (SAW) ametuamrisha pia tujitibu, na kujitibu huanza kwa kujua unatibu nini.

Imebaki moja, nayo ndiyo iliyonifanya niandike. Kabla ya mimi kuumia, msichana mmoja aliyenunua piko kwangu alirudi na malengelenge mikononi, wiki mbili baada ya harusi yake. Nilimwambia, "Labda umekaa nayo muda mrefu." Akaondoka kimya. Mnakijua kisa cha Mtume (SAW) sokoni, alipotia mkono ndani ya lundo la chakula akakuta majimaji chini, na akamwambia muuzaji kwa nini asiuweke juu ule uliorowa, watu wauone. Kisa hicho nilikisoma tangu mdogo, na sikujua kwamba kuna siku nitakuwa mimi ndiye mwenye lile lundo.

Nilimtafuta yule msichana nikamwomba radhi. Alama bado anazo. Nikamwambia asitie rangi nyeusi kichwani maishani mwake bila kumwona daktari, kwa sababu mkono ukishakataa na kichwa kitakataa. Maboksi yaliyobaki niliyatoa dukani. Nauza hina ya majani, na anayetaka weusi namwambia ninayoyajua kabla hajatoa pesa.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi na atujaalie tuwe wakweli katika biashara zetu. Aamin.