Uwanja wa farasi ni wa nani?

Leo tunazungumza juu ya farasi, na najua wengi watauliza: sisi na farasi wapi na wapi? Hapa Lubumbashi tuna klabu ya farasi, ile inayoitwa Cercle hippique, lakini mtoto wa Katuba au wa Ruashi anaweza kukua mpaka akaoa bila kupanda farasi hata siku moja. Ndiyo maana katika miji mingi linarudi swali lile lile: uwanja wa farasi unakula ardhi kubwa, wapandaji ni wachache, basi kwa nini usigawanywe parseli, au usigeuzwe bustani ya kisasa yenye ukuta na tiketi mlangoni?

Swali hilo linaonekana la haki. Lakini ukifuata historia, utaona kwamba viwanja vya namna hiyo vikipotea, wanaoumia zaidi si wenye farasi. Mwenye farasi atahamia pengine.

Tuanze nyumbani. Farasi si mnyama wa pori letu. Katika msitu wa miombo wa Katanga kulikuwa na mbung'o, na ugonjwa wanaouleta unaua farasi na ng'ombe. Ndiyo maana mizigo ya zamani ilibebwa na vichwa na mabega ya watu. Reli kutoka kusini ilifika hapa mwaka 1910, mji wa Elisabethville ukaanza, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa. Farasi wa kupanda kwa starehe alikuja na maisha ya Wazungu, sawa na mchezo wa golf.

Mji wenyewe ulijengwa kwa kutenganisha watu. Katika miaka ya 1920 wakoloni waliwahamisha Waafrika katika makao mapya, ambayo leo ni Kamalondo. Kati ya makao hayo na mji wa Wazungu waliacha eneo lisilojengwa, wakaliita eneo la katikati lisilo la upande wowote. Walisema ni kwa ajili ya afya. Kwa kweli lilikuwa mpaka. Basi ardhi wazi ya Lubumbashi haikuanza kama zawadi kwa wakaaji wote. Sehemu moja ilikuwa ya kuwazuia wengi, nyingine ya kuwafurahisha wachache. Mtu akisema viwanja hivyo vilikuwa vya wakoloni, hasemi uongo. Lakini je, kitu kilichozaliwa kibaya lazima kiuzwe, au kinaweza kufanywa cha watu wote?

Kwa jibu twende Nairobi, katika nchi ya Kenya (si komini yetu ya Kenya!). Mji ule ni kama ndugu wa Lubumbashi. Nao ulizaliwa na reli, mwaka 1899, nao uligawanywa kwa rangi ya ngozi. Mwanzoni mwa karne ya 20 walowezi walikuwa na uwanja wao wa mbio za farasi upande wa mashariki ya mji, karibu na mtaa wa Kariokor. Mwaka 1954 mbio hizo zilihamishiwa barabara ya Ngong, na uwanja wa zamani ukamezwa na mji. Leo kuna barabara inayoitwa Race Course, yaani barabara ya uwanja wa mbio, lakini utakuta maduka, mabasi na wachuuzi. Farasi hakuna, uwanja hakuna. Limebaki jina tu, na jina halizuii matofali.

Kando ya barabara hiyo hiyo ya Ngong kuna uwanja mwingine, Jamhuri Park. Ni uwanja wa maonyesho ya kilimo: kila mwaka wakulima huleta ng'ombe na mazao, na farasi huruka vizuizi mbele ya watazamaji. Klabu ya polo, mchezo wa kupiga mpira juu ya farasi, iko pale pia. Mtu wa Kibera angeweza kusema: ule ni uwanja wa matajiri, una faida gani kwangu?

Faida ilionekana Januari 2008. Baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007 vurugu zililipuka. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu walikimbia nyumba zao. Familia za Kibera zilikimbilia Jamhuri Park. Huko Nakuru na Eldoret pia, viwanja vya maonyesho vikawa makambi. Pale ambapo farasi walikuwa wakirukaruka, mama walitandika mablanketi, watoto wakapanga mstari wa maji. Hakuna aliyeupanga uwanja kwa ajili hiyo. Uliweza kuwapokea kwa sababu ulikuwa bado wazi na hakuna aliyekuwa ameujengea maghorofa.

Ninyi mliohama mnalijua jambo hili kuliko mimi. Mtu akifukuzwa kwake hakimbilii hoteli. Anakimbilia shule, kanisa, stesheni, uwanja. Mwaka 1992 na 1993, familia zenye asili ya Kasai zilipofukuzwa hapa Katanga, maelfu walilala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni, na wengi walifia pale. Baadaye watu wa Mitwaba, Manono na Pweto walikimbia vita. Mji usio na mahali wazi humpokea mkimbizi barabarani.

Sasa, viwanja vinaokolewaje? Nairobi inatupa mifano miwili. Bustani ya Jeevanjee, katikati ya mji, ilitolewa kwa wakaaji mwaka 1906 na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee. Mwaka 1991 ulitokea mpango wa kujenga pale maegesho ya magari ya ghorofa. Mjukuu wake, Zarina Patel, aliandika, akawaamsha wakaaji, na mpango ukaachwa. Alikuwa na hoja nyepesi kueleweka: ardhi hii ilitolewa kwa watu wote, basi hakuna ofisi iliyo na ruhusa ya kuigeuza.

Mfano wa pili ni mkubwa zaidi. Mwaka 1989 chama tawala kilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Mama Wangari Maathai aliandika barua kwa viongozi na kwa mabalozi. Wabunge walimcheka. Alikwenda mahakamani, na mahakama ikamfukuza ikisema hana haki ya kushtaki, kwa sababu si yeye binafsi aliyeumizwa. Alishindwa mbele ya hakimu, lakini kelele zilikuwa zimewafikia wenye fedha za nje, nao wakarudi nyuma. Mradi ukafa, na mwaka 1992 uzio wa mabati ukaondolewa. Mwaka 2004 mama huyo alipata Tuzo ya Nobel ya Amani. Na ile sheria iliyomfungia mlango ilibadilika: Katiba ya Kenya ya 2010 inamruhusu mtu yeyote kushtaki kwa ajili ya mazingira, bila kuonyesha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara.

Lakini tusidanganyike, kwani ushindi mmoja hautoshi. Mwaka 2021 Uhuru Park hiyo hiyo ilifungwa kwa ukarabati, na kwa muda mrefu wapiga picha, wachuuzi na wapumzikaji walibaki nje. Hapo ndipo penye hatari ya neno ukarabati. Anayetaka kuuza uwanja unamwona mapema. Anayekuja na ramani nzuri, chemchemi na taa, huyo ndiye wa kuulizwa vizuri: kazi ikiisha, nani ataingia bure? Mapito ya watu yatabaki? Watoto wa komini watapata siku yao?

Na uwanja wa farasi uulizwe maswali hayo hayo. Klabu inayotaka wakaaji wautetee uwanja wake lazima iwafungulie lango. Mtoto aliyewahi kumshika farasi shingo atautetea uwanja siku ya hatari. Aliyeona ukuta tu, siku hiyo atapita zake.

Sheria yetu haijatuacha mikono mitupu. Sheria ya ardhi ya Julai 20, 1973 inasema ardhi iliyotengwa kwa matumizi ya watu wote haiwezi kutolewa kwa mtu binafsi mpaka kwanza iondolewe rasmi katika matumizi hayo. Na kifungu cha 53 cha Katiba ya 2006 kinasema kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira safi, na ana wajibu wa kuyatetea. Basi ukiona watu wanapima uwanja na kupanda mawe ya mpaka, swali la kwanza ni hili: iko wapi karatasi iliyouondoa uwanja huu katika matumizi ya watu wote? Nani aliisaini, na lini? Liulizwe kwa maandishi, kwenye komini na kwenye ofisi ya kadastri, na nakala ibaki mikononi mwa wakaaji. Barua ya watu mia haipotei kirahisi kama neno la mtu mmoja.

Bustani yetu ya wanyama iwe ukumbusho. Katika miaka migumu ya 1990 ilibaki karibu tupu. Baadaye ilifufuliwa, wanyama wakaletwa, na leo familia zinakwenda pale siku ya Mungu. Iliwezekana kwa sababu ardhi yenyewe ilikuwa bado ipo. Farasi akifa, mwingine atanunuliwa, na paa likianguka litaezekwa. Uwanja uliokatwa parseli mia, kila moja na ukuta wake na sertifika yake, nani ataurudisha?

Kwa hiyo wandugu, msiseme uwanja wa farasi hautuhusu. Kesho unaweza kuwa mahali pa mtoto wako kucheza. Na Mungu atuepushe, unaweza kuwa mahali pa mama yako kulala. Wazee wanaokumbuka viwanja vya zamani vya mtaa wenu, nani alivitumia na vilikwishaje, waandikeni kabla hawajatutoka. Ushahidi huo ndio tutakaouhitaji siku wapimaji watakapokuja.