Sinai haikuwa tamaa
Kila nikitaja Sinai, kuna msee atasema ni tamaa, si walikuwa wanachota petroli? Sawa. Septemba 12, 2011, petroli ilivuja kutoka kwa bomba la Kenya Pipeline pale Lunga Lunga, ikaingia kwa mtaro unaopita katikati ya nyumba za mabati, ikashika moto. Zaidi ya watu 100 walikufa. Kuna waliochomekea ndani ya nyumba zao.

Haya, Embakasi walichota nini? Februari 1, 2024, saa tano na nusu usiku, lori la gesi lililipuka pale Mradi. EPRA ilikuwa imekataa mara tatu, mwaka 2023, kituo cha gesi kijengwe hapo, sababu moja ni vile watu wamejaa karibu. Na bado gesi ilikuwa inajazwa. Mpangaji akisikia harufu ahamie wapi, na rent ashalipa?