Matembezi ya siku kwa tanga katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza

Matembezi ya siku kwa tanga katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza ni safari ya starehe ya baharini inayoanza asubuhi na kumalizika kabla ya jua kuzama. Kwa kawaida huanzia kisiwa cha Tortola, hupita kisiwa kimoja au viwili vya jirani, na kusimama mahali pa kuogelea na pa kula mchana. Wageni hukodi mashua pamoja na nahodha wake, au hulipia nafasi kwenye katamarani inayochukua watu wengi. Mwenye ujuzi wa kutosha hukodi chombo kitupu akakiendesha mwenyewe.

Visiwa hivi, takriban 60 vikihesabiwa pamoja na vile visivyo na wakazi, viko mashariki mwa Puerto Rico na ni eneo la ng'ambo la Uingereza, ingawa fedha inayotumika ni dola ya Marekani. Mji mkuu ni Road Town, kwenye Tortola. Sifa yao kwa mabaharia inatokana na mlangobahari wa Sir Francis Drake. Upande wa kaskazini Tortola inakinga mawimbi ya Atlantiki. Upande wa kusini visiwa vya Norman, Peter, Salt, Cooper na Ginger vimejipanga mfululizo na kuyavunja yale ya Bahari ya Karibi. Upepo unapita, wimbi linabaki nje. Kisiwa cha kwenda huonekana kwa macho tangu nanga inapong'olewa, kwa hiyo dira haina kazi kubwa.

Pepo za biashara huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, mara nyingi kwa kasi ya fundo 15 hadi 20. Desemba na Januari huzidi nguvu, na wenyeji huziita pepo za Krismasi. Tofauti ya maji kujaa na kupwa ni chini ya nusu mita. Baharia wa Zanzibar au Mombasa, aliyezoea bamvua la karibu mita nne, atashangaa kuona mashua imetia nanga karibu na ufuko saa nzima bila mtu kuhofia kupwelewa.

Wenyeji walikuwa watu wa tanga muda mrefu kabla ya watalii. Jahazi ndogo za Tortola, zenye mlingoti mmoja, zilipeleka mifugo, mazao na makaa katika soko la kisiwa jirani cha St. Thomas. Biashara ya kukodisha mashua za starehe ilishika kasi baada ya kampuni ya The Moorings kuanzishwa Tortola mwaka 1969 ikiwa na mashua sita. Kimbunga Irma, kilichopiga Septemba 6, 2017 kikiwa cha daraja la 5, kilirundika mamia ya mashua bandarini moja juu ya nyingine. Shughuli zilichukua miaka kurejea.

Kuhusu njia, manahodha wazuri hupenda kubisha asubuhi na kurudi na upepo wa tezi. Kwenda kisiwa cha Virgin Gorda kutoka Road Town ni kukabili upepo wa omo, kazi inayofaa watu waliokwisha kuamka vizuri na ambao tumbo bado ni jepesi. Huko kuna The Baths, ufuko wenye majabali ya graniti makubwa kama nyumba, yaliyoegemeana na kuacha vidimbwi vya maji ya bahari chini yake. Wengine huvuka kwenda mapango ya kisiwa cha Norman, au Salt, ambako meli ya RMS Rhone ilizama katika tufani ya Oktoba 29, 1867 na kuua zaidi ya watu 100. Sehemu ya tezi yake imelala kwenye kina kidogo kiasi kwamba muogeleaji mwenye miwani ya maji huiona kutoka juu. Maboya ya hifadhi hutumika badala ya nanga ili kulinda matumbawe.

Jost Van Dyke, upande wa magharibi, hufikiwa kwa upepo wa nyuma, na hapo ndipo ratiba nyingi huharibika kwa furaha. Ufuko wake wa White Bay haukuwa na gati. Wateja wa baa ya Soggy Dollar walijitosa majini na kulipa kwa noti zilizolowa, na jina likatoka hapo. Baa hiyo ndiyo chanzo cha Painkiller, kinywaji cha miaka ya 1970 cha ramu, juisi ya nanasi na ya chungwa, tui zito la nazi lenye sukari, na kungumanga iliyokunwa juu. Ni kitamu kuliko kinavyostahili kuwa, na kwa sababu hiyo ni hatari kwa anayepaswa kushika usukani wakati wa kurudi.

Chakula cha asili kinastahili sifa kuliko vinywaji. Mlo wa taifa ni samaki na fungi. Fungi ni unga wa mahindi uliosongwa katika maji ya bamia mpaka ukashikana, ukatiwa siagi na kufinyangwa kuwa donge. Msomaji wa Afrika Mashariki atautambua papo hapo kuwa ni ugali wenye mlenda ndani. Samaki huchemshwa kwa vitunguu, nyanya na majani ya thaimu, na mchuzi humwagwa juu ya donge. Ni urithi wa jikoni za Waafrika waliokuwa watumwa kwenye mashamba ya pamba na miwa hadi Agosti 1, 1834. Zaidi ya hapo kuna kome wakubwa waliokatwakatwa na kukaangwa ndani ya rojo la unga, roti zenye mchuzi wa bizari zilizoletwa na wahamiaji wa Trinidad na Guyana, na mikate ya kukaanga inayofanana na maandazi yasiyo na iliki.

Kambakoche wanaosifiwa zaidi hutoka Anegada, kisiwa tambarare cha matumbawe kilomita 24 kaskazini ya Virgin Gorda. Hupasuliwa katikati na kuchomwa juu ya mapipa ya chuma yaliyokatwa, wakipakwa siagi na ndimu. Anegada ni mbali kwa mashua ya tanga kwenda, kula na kurudi Tortola siku hiyohiyo bila haraka. Anayewataka hapo kwao alale huko usiku mmoja, na aagize mapema mchana, kwa kuwa wapishi huandaa idadi iliyoagizwa tu.