Bei ya Kuona Mbali

Msomaji mpenzi, ukibahatika siku moja kuingia katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, huenda ukamkuta mpiga picha ameketi kimya garini, amemkazia macho simba aliyelala mbali chini ya mti. Utamwona akiifungua lenzi kutoka kwenye kamera, akitoa mkobani kitu kifupi mfano wa pete nene, akikitia kati ya lenzi na kamera, kisha akitazama tena. Simba hajasogea hata hatua moja, lakini katika picha ni kama aliyekuja nusu ya njia. Pete hiyo huitwa telekonveta. Ndani yake mna vioo vichache tu, na asiyejua angedhani ni mazingaombwe. Wahenga wetu walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Pete hii nayo ina ukoo mrefu, na katika ukoo huo mna funzo: kuona mbali kuna bei yake, na asiyekubali kuilipa haoni.

Ukoo huo waanza katika karne ya 17. Mwaka 1609 Galileo Galilei wa Italia alielekeza mbinguni darubini yenye vioo viwili, cha mbele kimebinuka katikati, na cha jichoni kimebonyea. Miaka miwili baadaye, Johannes Kepler, Mjerumani aliyekuwa bingwa wa elimu ya nyota, alichapisha kitabu kiitwacho Dioptrice. Humo alieleza kwamba kioo kilichobonyea, kikiwekwa mahali pafaapo nyuma ya kioo kilichobinuka, huifanya sura ya kitu kuwa kubwa kuliko ambavyo kioo cha mbele kingeichora peke yake.

Sababu yake si ngumu kufahamu. Kioo kilichobinuka hukusanya miale ya nuru na kuielekeza ikutane mahali pamoja. Kabla haijakutana, kioo kilichobonyea huizuia kidogo isikaribiane upesi, hivyo hulazimika kwenda mbali zaidi ndipo ikutane. Kwa kuwa imekwenda mbali zaidi, sura inayochorwa huwa kubwa zaidi. Telekonveta ya leo hufanya kazi hiyohiyo.

Sasa nikupeleke Uingereza, kwa mtu ambaye jina lake limebaki na kioo hicho mpaka leo. Peter Barlow alizaliwa katika mji wa Norwich mwaka 1776. Masomo ya shule aliyoyapata yalikuwa machache, na mengi aliyoyajua alijifundisha mwenyewe. Hata hivyo, mwaka 1801 alipata kazi ya kufundisha hisabati katika chuo cha kijeshi cha Woolwich, karibu na London, akafundisha huko kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 1814 alichapisha majedwali ya hesabu ambayo yaliendelea kutumiwa kwa zaidi ya miaka 100 baadaye.

Siku zile wataalamu wa nyota walikuwa na shida moja. Walitaka kupima nafasi iliyopo kati ya nyota mbili zilizokaribiana sana, na kwa kazi hiyo walitandaza nyuzi nyembamba ndani ya darubini, wakazitumia kama alama za kupimia. Lakini walipoweka kioo cha jichoni chenye nguvu zaidi ili nyota zionekane kubwa, nyuzi nazo zilionekana nene. Kipimo kikawa kinaficha kile kinachopimwa. Barlow alikokotoa umbo la kioo kilichobonyea ambacho kingewekwa mbele ya nyuzi, yaani nuru ikipite kabla ya kuzifikia. Kwa njia hiyo sura ya nyota ilikuzwa, na nyuzi zikabaki na wembamba wake. Kioo chenyewe kilitengenezwa na George Dollond, fundi mashuhuri wa darubini, naye akakitolea maelezo katika jarida la Royal Society la mwaka 1834. Hakikuwa kioo cha namna moja, bali vioo vya namna mbili vilivyounganishwa ili rangi za nuru zisitawanyike. Hata sasa watazamao nyota hukiita lenzi ya Barlow.

Kutoka kwa nyota tuje kwenye picha. Katika karne hiyohiyo ya 19 kamera ilivumbuliwa, na wapiga picha nao wakatamani vitu vya mbali. Ili kuvipata kwa ukubwa iliwapasa kutumia lenzi ndefu pamoja na sanduku refu la kamera, mzigo mzito kweli. Mwaka 1891 watu watatu, kila mmoja kwa njia yake, walileta ufumbuzi: Thomas Rudolphus Dallmeyer wa London, Adolf Miethe wa Berlin, na Adolf Steinheil wa Munich. Waliweka vioo vilivyobonyea nyuma ya vile vilivyobinuka, na kamera fupi ikapata uwezo wa kamera ndefu.

Haikupita miaka mingi, lenzi za namna hiyo zikafika kwetu Afrika ya Mashariki. Mjerumani Carl Georg Schillings alizitumia mchana kupiga picha za wanyama katika nchi ambayo leo ni Tanzania, na usiku akawapiga picha kwa mwako wa ghafula wa magnesi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1905. Usiwasahau wapagazi waliobeba vichwani mizigo ya safari zake, kwani picha za siku hizo zilipigwa juu ya vipande vya kioo, vizito na vyepesi kuvunjika. Wala usifiche ukweli kwamba mtu huyu alibeba pia bunduki, akaua wanyama wengi, ingawa mwenyewe aliandika kwa huzuni kwamba wanyama hao walikuwa wakitoweka. Mkono mmoja ulishika kitu kinacholeta mnyama karibu bila kumdhuru, na wa pili ulishika kinachomwangusha.

Sasa turudi kwenye bei niliyoitaja. Chukua tochi, umulike ukutani usiku, kisha urudi nyuma. Duara la nuru litapanuka, na kadiri linavyopanuka ndivyo linavyofifia, kwa sababu nuru ileile imetandazwa mahali pakubwa zaidi. Ndivyo ilivyo kwa telekonveta. Ile inayokuza mara 2 hukuza urefu na upana pia, kwa hiyo eneo la sura huwa mara 4, na kila sehemu hupata robo tu ya nuru iliyokuwapo. Lenzi ya milimita 300 huwa kama ya milimita 600, lakini picha iliyohitaji sehemu 1 ya 500 ya sekunde sasa huhitaji sehemu 1 ya 125. Katika muda huo mrefu zaidi, simba akigeuza kichwa, picha huharibika. Mkono wako ukitetemeka, mtetemo huo nao umekuzwa mara 2. Telekonveta inayokuza mara 1.4 hutoza kidogo zaidi ya huruma: huchukua nusu ya nuru.

Tena kuna jambo kubwa kuliko hilo. Telekonveta haiwezi kuongeza kitu ambacho lenzi ya mbele haikukichora. Lenzi ikichora sura safi, hukuza usafi huo. Ikichora sura yenye ukungu, hukuza ukungu. Ndiyo sababu mpiga picha mwenye busara hununua kwanza lenzi njema, ndipo afikirie pete ya kuikuza.

Mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama wa porini kwa burudani. Tangu hapo mgeni anayetaka kurudi kwao na simba hana budi kurudi naye katika picha. Ili ampate vizuri, humlazimu kungoja nuru nzuri ya asubuhi, kuegemeza kamera mahali imara, na kuzuia pumzi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Nawe, msomaji, ungali katika miaka ya kukusanya nuru. Elimu utakayoipata baadaye itakukuza, lakini itakuza kile ulichokwisha kukichora ndani yako. Mwalimu Barlow, aliyejifundisha mwenyewe, aliisafisha lenzi yake mapema kwa hesabu za kila siku. Isafishe yako sasa.