Snow Fall
Snow Fall ni makala ya kidijitali ya gazeti la The New York Times la Marekani, iliyotolewa Desemba 2012. Mwandishi wake, John Branch, alisimulia poromoko la theluji lililoua watu 3 waliokuwa wakiteleza kwa ski huko Tunnel Creek, jimbo la Washington, Februari mwaka huohuo.

Video, ramani zinazosogea na picha za wahusika ziliwekwa palepale simulizi inapozihitaji, badala ya kurundikwa pembeni. Msomaji akishuka na ukurasa, mlima nao hujizungusha mbele yake.

Ilishinda Tuzo ya Pulitzer ya uandishi wa makala mwaka 2013. Mwaka huo, The Guardian la Uingereza lilitoa Firestorm, kuhusu moto wa Tasmania, Australia, kwa mtindo unaokaribiana na wa Snow Fall.